Sitini na Nane Kwenye Karatasi ya Moyo

Kama unasoma hii ukiwa umekaa, kwa sababu ukilala chali unaona sawa vile mtu amekukalia kifuani, basi soma mpaka mwisho. Nimekuandikia weye. Wale wanaolala vizuri wasome wakipenda.

Mimi nilisoma mpaka la nne primeri huko Runingu, kiisha baba akasema mtoto wa kike ameshajua kuhesabu, inatosha. Kwa hiyo usingoje nikueleze moyo unavyofanya kazi. Nitakueleza karatasi. Ile wanayokupa baada ya kukulaza, kukupaka mafuta ya baridi na kukupitishia kile kidude kifuani. Kwenye karatasi yangu kulikuwa na namba moja iliyotaka kuniua, na kosa halikuwa la namba. Walioisoma nitawataja kwa majina. Nimenyamaza vya kutosha.

Kazi yangu ilikuwa moshi. Miaka ishirini na mitatu nimekausha samaki mwaloni, pale mitumbwi inapotua. Mama mukwe ndiye alinifundisha. Mwezi wa kwanza wa ndoa alinipeleka kwenye tanuri lake la udongo na mapipa yaliyokatwa, akanionyesha kwamba mukebuka, samaki wa ziwa letu, hautaki moto, unataka moshi, tena wa kuni zisizokauka sana. Akasema siku utakayoacha kutoa machozi, ujue umekuwa mwanamke wa huku. Nililia wiki mbili, macho yakazoea. Nilidhani na mapafu yamezoea.

Ilianza na njia. Tunakaa Rugenge, mtaa wa mji wa kando ya ziwa, na kutoka mwaloni mpaka nyumbani nilikuwa napita bila kusimama, beseni kichwani. Kiisha nikawa nasimama mara moja. Kiisha mara tatu, mara tano. Kwa kuona haya nilijifanya nasimama kusalimia watu. Nauliza habari za watoto, za wagonjwa, za kuku, mpaka pumzi irudi. Watu wakasema Mama Neema siku hizi amekuwa na upendo.

Mvua za kwanza nikaenda kituo cha afya. Mkubwa wa pale anaitwa Zakaria, ana kalamu tatu mfukoni, na siku ile hakutumia hata moja. Hakuniwekea chombo kifuani. Aliniuliza ninakohoa, nikasema ndiyo, akasema ni asma, akanipa vidonge kwenye karatasi ya daftari. Mvua za pili nikarudi, miguu imeanza kuvimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Akasema ni umri. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano. Huyo Zakaria ni wa kwanza. Mwaka mzima alinikalia na neno asma, na mimi nikalibeba mpaka nyumbani sawa vile mali.

Kiangazi kilichofuata nilianguka kando ya tanuri. Sikusikia kuanguka. Niliamka mkono wa kushoto umeungua na Neema, binti yangu, ananimwagia maji ya ziwa usoni, analia kwamba midomo yangu imekuwa nyeusi. Ndipo mume wangu, Baba Neema, akakubali tuvuke mpaka twende Bujumbura, kwa sababu huku watu walisema mashine ya kuangalia moyo iko kule.

Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana. Kila mtu ameshika bahasha ya kaki magotini. Mzee mmoja alivaa soksi nzito na joto lile, na nilijua anaficha nini, na yeye aliangalia kambambili zangu zilizokatwa ili miguu iingie, naye akajua. Hakuna aliyetaja ugonjwa. Maneno yote yalikuwa: leo mpaka unafungwa saa ngapi? Mmoja anasema saa kumi, mwingine anasema jana walifunga saa tisa. Baba Neema hakuweza kuvumilia, akatoka kwenda kuuliza vizuri. Ndiyo maana jina langu lilipoitwa, niliingia peke yangu.

Aliyenipima alikuwa dada mwenye nywele fupi na miwani iliyofungwa kamba. Alianza kunisemesha Kiswahili. Alipouliza nilizaliwa wapi nikasema Runingu, akageuza, akaingia Kirundi, lugha ya mama yangu. Akaona ninatetemeka. Akaniambia, “Ntutinye, mama.” Usiogope. Nikaogopa zaidi, kwa sababu kwetu neno lile tunamwambia mtu ambaye ng'ombe wake anakwenda kuchinjwa.

Alinilaza upande wa kushoto, mkono chini ya kichwa. Kile kidude kilikuwa kikibonyeza katikati ya mbavu mpaka mifupa iume. Mara akafungulia sauti, nikasikia damu yangu, shwaa, shwaa, sawa vile mtu anafua mablanketi mtoni. Sikuangalia kioo. Niliangalia uso wake. Uso wa fundi ukinyamaza, ndipo pa kuangalia.

Kiisha akanigeuza chali, akashusha kidude chini ya mbavu, akasema nivute hewa kwa pua, kidogo na haraka. Sikuelewa. Akafikiri, akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akasema, “Basi nusa kama unanusa ndakala kujua kama zimeoza.” Hiyo ninaijua, dagaa zetu nimezinusa kila siku. Nikanusa. Akasema tena. Nikanusa. Akasema tena. Mara ya nne aliandika.

Nakuandikia alichonieleza vile nilivyokielewa. Kuna mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ukinusa, unatakiwa unywee. Wangu haukunywea, ulibaki umejaa, sawa vile mpira wa maji uliofungwa mbele. Na ndani ya moyo, upande wa kuume, kuna mlango usiofunga vizuri, damu inarudi nyuma kwa mbio. Mashine inapima zile mbio. Mbio zikiwa kali, ujue kuna msukumo mkubwa kwenye njia ya kwenda mapafuni. Alichukua namba ya mlango akaongeza ya mshipa. Ikatoka sitini na nane.

Akanifunga mkononi kitambaa cha kupima tansiyo, presha ya damu. Kumi na moja kwa saba. Akaniinamia, akaongea polepole, sawa vile mtu anayemtuma mtoto sokoni. Akasema hii ya mkono ni nzuri, hakuna shida. Ile ya sitini na nane ni nyingine kabisa, ya upande wa kuume wa moyo, na kule inatakiwa iwe ndogo, hata arobaini isifike. Akasema nisikubali mtu azichanganye. Chumvi kidogo sana. Na mtu asinitie seremu, yale maji ya chupa ya mshipani, mpaka daktari wa moyo aione karatasi. Daktari mwenyewe alikuwa amesafiri, nirudi baada ya wiki mbili. Haya yote aliyasema kwa Kirundi, na karatasi aliiandika kwa Kifaransa, akapiga muhuri wenye namba ya simu ya ofisi.

Kwa hiyo katika dunia nzima aliyebeba yale maneno alikuwa mimi peke yangu.

Nje, Baba Neema aliniuliza wamesema nini. Nikamwambia moyo umechoka, na chumvi nipunguze. Akachukua bahasha mkononi mwangu, akaiweka ndani ya koti. Akasema Safari ataisoma.

Safari ni mdogo wake. Alisomea uuguzi miaka mitatu, ana farumasi yenye msalaba wa kijani, watu wanamwita dokta na yeye anaitika. Simchukii kwa kutojua. Hata mimi sijui mengi. Namtaja kwa sababu alijua kwamba hajui, nilimuona machoni, na hakusema.

Weye unayesoma toka mbali huenda hujui desturi yetu. Kwetu karatasi ya hospitali haikai na mgonjwa. Wanasema mgonjwa akijua, atakufa kabla ugonjwa haujafika. Inakaa na mwanaume wake, na mwanaume anampa aliyesoma, na aliyesoma anaisoma mbele ya familia. Jumamosi wakakaa. Baba mukwe kwenye kiti chake, mama mukwe, Baba Neema, Safari katikati na miwani ya jua juu ya kichwa. Mimi kwenye mkeka karibu na mlango, ili upepo unipate.

Alisoma Kifaransa kwa sauti, na neno asilolijua aliliruka sawa vile mtu anaruka madimbwi. Akafika kwenye namba. Macho yake yakazunguka chumba, yakarudi kwenye karatasi.

Huku tansiyo tunaisema kumi na mbili, kumi na nne. Mashine zinaandika mia na ishirini, mia na arobaini, na kila mtu wa farumasi anajua unagawa kwa kumi. Ni desturi ya siku zote na haina ubaya. Safari aliona pembeni ya namba alama ile ile ya kipimo anayoionaga kwenye mashine yake ya tansiyo, akagawa.

“Sita nukta nane,” akasema. Akaweka karatasi kwenye goti. “Kaka, huyu mama iko anatembea aje na tansiyo ya sita?”

Mama mukwe akafanya ishara ya msalaba. Baba Neema akajishika kichwa.

Nikasema yule dada alinipima mkono ikakuwa kumi na moja.

Safari hakunigeukia. “Ya mukono inadanganya, shemeji. Ile masini iliingia mpaka mu moyo. Unaamini kitambaa ao masini?”

Nikaanza kusema kwamba ile namba si ya mkono. Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio unaoniuma mpaka leo: “Weye ulisomea wapi, Runingu?” Wakacheka kidogo, hata mimi nilicheka. Mama mukwe akasema mgonjwa habishani na karatasi.

Nilikuwa na yote kichwani. Lakini ili niyaseme ilibidi nieleze nilivyolazwa, kifua wazi, kidude kikipita chini ya titi, na baba mukwe amekaa pale. Kwetu mke wa mtoto hataji kifua chake mbele ya baba mukwe. Hata ukinyonyesha unageuka ukutani. Miaka ishirini na mitatu sijawahi kusema mbele yake neno lililo chini ya shingo. Nikayameza. Kosa hili ni langu na jina langu ni Mama Neema, liandikwe pamoja na mengine.

Safari akatoa dawa. Chumvi. Kikombe cha maji ya chumvi asubuhi, mchuzi wa mukebuka uliotiwa chumvi mara mbili, kahawa nzito mchana. Tansiyo ipande. Mama mukwe alikuwa ananipikia kwa mikono yake, na alisimama mpaka nimalize, kwa upendo. Kila kikombe nilikijua. Ninashika kikombe, ninajua ni sumu, na ninakunywa, kwa sababu anayenipa ananipenda na aliyeamuru anaitwa dokta. Woga ule sijapata jina lake. Ulikuwa unaingia kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndani ya siku nne kitenge hakikuzunguka. Tumbo likawa la miezi saba. Jirani mmoja alipita akaniona nimekaa mlangoni, akaniuliza, “Mama Neema, umeamua kufunga kizazi na mapacha?” Tukacheka. Nilipocheka nilikohoa povu. Nikalifunika na mguu lisionekane.

Mshipa wa shingo ulikuwa umesimama, unapiga. Nilikuwa naushika na vidole nahesabu. Nilikuwa najaribu kunusa, kidogo na haraka, vile alivyonifundisha, sawa vile nikinusa mshipa utanywea na mimi nitajua. Haujulikani bila mashine. Lakini nilinusa tu. Neema aliniuliza, mama, unanusa nini siku nzima?

Jumatatu ya wiki ya pili Safari akasema tansiyo bado haipandi. Alinipima mkononi yeye mwenyewe, ikawa kumi na moja, akasema unaona, inadanganya bado. Akaleta seremu. Huku mtu asiyetundikiwa seremu anasema hakutibiwa. Alitundika chupa kwenye msumari wa dirisha, majirani wakachungulia, wakasema shemeji yako anakupenda. Ile chupa ya kwanza ilinilaza nimekaa. Toka siku ile sikuweka tena mgongo chini.

Jumatano asubuhi akatundika ya pili.

Haikufika nusu. Jua lilikuwa linaingia mlangoni, kuku wanatembea, mtu anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa jirani, na mimi nilikuwa ninazama. Sijakosea neno. Nilizaliwa bondeni lakini nimeishi na ziwa, nimeona waliotolewa majini. Maji yalikuwa yanapanda toka ndani. Nilifungua mdomo hewa ikaishia kooni. Safari alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu. Baba Neema ameenda kazini. Mama mukwe anasali.

Nikamuona Neema uani anaanika nguo. Nikapiga mkeka na mkono ulioungua mpaka akageuka.

Alikuja akaweka sikio mdomoni kwangu. Nilikuwa na maneno matatu, manne kwa pumzi moja, si zaidi. Nikamwambia: muhuri iko na simu. Nikapumua. Nikamwambia: ile si tansiyo. Nikapumua. Nikamwambia: alikataza seremu.

Neema alisimama akamuomba baba mdogo wake karatasi. Safari akamuuliza ya nini. Akasema ya kumuombea mama. Mtoto wangu ana akili. Akapewa.

Mara mbili simu ilikataa. Mara ya tatu nikasikia sauti ya yule dada, Neema ameweka sauti kubwa, chumba kizima kinasikia. Neema akaeleza mbio mbio: mama wa samaki, sitini na nane, chumvi, chupa ya pili.

“Nani alisema ni tansiyo?”

“Baba mudogo. Alisema ni sita.”

“Namba ile ikiwa kubwa ndiyo mbaya, binti. Mlitakiwa mpunguze maji, mmemuongezea. Funga hiyo chupa sasa. Mkalishe, miguu iwe chini, mtafute pikipiki.”

Safari akasema kwa nguvu ili isikike kwenye simu, “Dada, minye niko muuguzi, niko najua kazi yangu.”

“Basi ifunge, muuguzi.”

Hakuifunga. Alibaki ameshika kiuno, anaangalia chupa, na nikaona macho yale ya Jumamosi. Neema ndiye aliyeshika lile gurudumu dogo la kwenye mpira akalizungusha mpaka tone likaacha kuanguka. Mikono yake ilikuwa na sabuni bado.

Pikipiki ilinibeba nimebanwa katikati, mwendeshaji mbele, Neema nyuma ananishika, nikipumua kwenye jaketi la mtu nisiyemjua. Hospitali ya huku huku nilikaa wiki tatu. Walinichoma dawa ya kukojoa, na Neema alihesabu mabeseni na kuyaandika. Ngozi ya miguu iliyokuwa imevutika ikabaki inaning'inia sawa vile soksi ya mtu mwingine. Sikuweza kuiangalia.

Mashine ya hewa ilikuwa moja kwa vitanda viwili, na umeme ulikuwa unakuja ukitaka. Kitanda cha pili alilala mzee mmoja mchungaji wa ng'ombe kutoka milima ya juu, mlokole, anaimba zaburi bila sauti. Umeme ukirudi, muuguzi anauliza nani aanze. Mzee kila mara alisema, “Anza weye, mama. Minye nimezoea, kule kwetu ku milima hewa iko kidogo.” Asubuhi moja niliamka kitanda chake kimetandikwa. Sikuuliza kama alitoka kwa miguu yake. Niliogopa jibu, na mpaka leo namsalia rozari ya walio hai.

Baba Neema alikuja kila siku na hakusema samahani hata siku moja. Alileta chakula kisicho na chumvi alichopika mwenyewe, kibaya, nikala. Naye yuko kwenye orodha yangu, kwa ile bahasha aliyoitoa mkononi mwangu. Lakini mwisho wa kiangazi kile tuliporudi Bujumbura kwa karatasi ya pili, yule dada alininusisha tena, akasema mshipa umenywea nusu, na namba imekuwa hamsini na moja. Imeshuka, akasema, haijapona, usidanganyike. Nje Baba Neema alinyoosha mkono kwa mazoea. Kiisha akaurudisha mfukoni. Tukavuka mpaka karatasi iko kwangu, ndani ya sidiria, na moyo wenyewe uko chini yake unapiga.

Safari bado amefungua farumasi. Anasema shemeji alipona kwa seremu zake, hospitali walimalizia tu. Nikipita ananisalimia. Ninaitika, kwa sababu nikisimama kugombana pumzi inakwisha.

Tanuri nililivunja. Neema alitaka aliendeshe yeye, kwamba ni mali ya nyumba, na nilichukua jembe nikalipiga, nikipumzika kila mapigo mawili, mpaka likalala. Daktari wa moyo aliporudi alisema huenda ni ule moshi wa miaka yote. Alisema huenda. Mimi sikungoja hakika. Mama mukwe hakunisemesha mwezi mzima. Mapipa yale alikuwa ameyanunua yeye, akiwa msichana mdogo kuliko Neema.

Halafu mvua hizi, mama mukwe akaanza kusalimia watu njiani.

Nilimuona toka mbali, amesimama kwa muuza makaa, anauliza habari za kuku. Nilijua. Nikasubiri mtu mwingine aone, na hakuna aliyeona, nikamwambia Baba Neema. Akampeleka ng'ambo. Waliporudi tukakaa Jumamosi, chumba kile kile, baba mukwe kwenye kiti, mama mukwe sasa ndiye yuko kwenye mkeka karibu na mlango. Nilikuwa nimekaa naye, ninasikia pumzi yake inavyofanya, ile sauti ninaijua toka ndani. Baba Neema akatoa bahasha kwenye koti. Safari akanyoosha mkono, miwani ya jua juu ya kichwa.

Nilinyanyuka nikaichukua mimi.

Safari akasema, shemeji, keti, utachoka. Nikatafuta kwenye karatasi, Kifaransa sikijui, lakini ile alama ninaijua sawa vile jina langu. Hamsini na tisa. Nikamuona Safari anachungulia, midomo inagawa kwa kumi.

Nikasema, “Hii si tansiyo ya mukono. Mama alilazwa upande wa kushoto, kifua wazi, wakampitishia masini chini ya titi, hapa. Kiisha chini ya mbavu, hapa. Walimwambia anuse. Mama, walikuambia unuse?”

Mama mukwe akaangalia chini. Akasema, “Mara tatu.”

Nilikuwa nimejishika titi mbele ya baba mukwe. Nilingoja aniambie nitoke. Angesema nitoke ningetoka, sitakudanganya, ningetoka na karatasi ingebaki kwa Safari.

Baba mukwe aligeuza kiti. Polepole, na magoti yake mabaya, akakigeuza mpaka uso ukatazama ukuta, vile mwanaume mwenye heshima anavyofanya mama akinyonyesha. Akakaa hivyo, tukiona mgongo wake tu.

“Endelea,” akauambia ukuta. “Soma yote.”

Nikasoma. Nikasema kubwa ndiyo mbaya, chumvi itoke jikoni, seremu hapana mpaka daktari aone. Mama mukwe akaniuliza kama atakufa. Nikamwambia sijui.

Weye pia sitakuambia kwamba utapona. Shika karatasi yako. Muulize aliyekupima, hii ni ya mkono ao ya mapafu, na umrudishie maneno yake mpaka aseme ndivyo. Mtu wa pili asikie, mtu anayeweza kusimama na kusema mahali ambapo weye utaona haya.

Alhamisi ninavuka kwa karatasi ya tatu. Wiki hii miguu imekuwa mizito tena jioni, kidole kinaacha shimo, dogo. Huenda ni joto. Nimekaa mlangoni na mama mukwe, mchuzi wetu hauna ladha, tunakula. Mara kwa mara ninanusa, kidogo na haraka. Juzi nilimsikia na yeye, pembeni yangu, ananusa.